Ukisimamisha video mwizi anapotea

Wiki iliyopita pikipiki ya jirani iliibwa hapa kwa ploti yetu Umoja, kama saa tisa usiku. Asubuhi tukazunguka simu ya keateka kuangalia kamera ya geti. Video yote ni chenga tupu, lakini ikicheza unaona mtu kabisa, ameinama anasukuma pikipiki. Nikamwambia simamisha hapo tuone sura. Akasimamisha, mtu akapotea! Imebaki chenga na ukuta. Tukarudia mara sita ama saba, ikicheza yuko, ikisimama hayuko, na mwenye pikipiki akaanza kumwuliza mzee soja kwa nini hakuona kitu, ama kuna kitu anaficha. Hiyo iliniuma sana.

Mzee hakuficha chochote jamani. Mwanga unaingia kwa kamera ukiwa chembechembe, fotoni, na zinaanguka ovyo vile matone ya mvua huanguka kwa mabati. Mahali ulitarajia fotoni 100 zitapanda na kushuka kwa kama 10, hiyo ni asilimia 10. Zikiwa 10,000 zinayumba kwa 100, asilimia 1 tu. Sasa usiku ni chache, na mtu amevaa jaketi ya rangi karibu na ya ukuta, chenga zinammeza. Video ikicheza macho yako yanajumlisha picha kadhaa, chenga za picha hii zinafutana na za ile, mtu anabaki. Mwaka wa 1948 mwanafizikia Albert Rose kule Marekani alionyesha kwamba ili uone kitu bila wasiwasi lazima kizidi chenga kama mara 5, na kitu chenye upana nusu kinataka mwanga mara 4, ndio maana mwili tuliuona lakini namba pleti wapi.

Kijana mmoja akapitisha ile picha kwa app ya kusafisha. Ikapangusa chenga, ikapangusa pia ule mstari wa reflekta mgongoni, kitu pekee tulikuwa nacho.

Landlodi anataka kununua kamera ya pikseli nyingi, zile nukta ndogo zinazounda picha. Mimi nimekataa, pikseli hazileti fotoni. Balbu ya geti iliungua kitambo, Jumapili tukachanga tukanunua ingine, mzee mwenyewe akashika ngazi. Usiku nikafungua video nikasimamisha: mzee yuko kwa kiti, naona mpaka thamosi ya chai hapo miguuni.