Fainali ya tenisi sebuleni: jipangie seti tano
Fainali ya wanaume ya Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa, huanza saa 9 alasiri za Paris, yaani saa 10 jioni hapa Dar. Usiikadirie kama mpira wa miguu. Ile ya 2025 ilichukua saa 5 na dakika 29. Jannik Sinner aliongoza 5-3 seti ya nne, 0-40 kwenye sevu (zamu ya kuanzisha mpira) ya Carlos Alcaraz: nafasi tatu za kutwaa ubingwa kwa pointi moja tu, zote zikayeyuka.

Kwa hiyo ukirekodi kwenye king'amuzi, ongeza muda mrefu baada ya ule wa ratiba, la sivyo kinakata utamu ukiwa umekolea.

LUKU isikutishe: runinga ya wati 100 kwa saa 6 hula uniti 0.6 tu. Bando ndilo linalouma. Picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, basi shusha ubora mapema. Tena picha ya mtandaoni huchelewa, kwa hiyo zima arifa za kundi la WhatsApp; jirani mwenye dishi atakumalizia uhondo.

Seti ya tano ikifika 6-6, tai-breki (gemu ya kuamua mshindi) ni ya kufikisha pointi 10, kwa tofauti ya 2. Kachori ziwe mezani kabla ya hapo. Ile ya 2025 Alcaraz aliimaliza 10-2, chapuchapu.