Siku moja kwenye maabara ya plasmidi

Saa 11 alfajiri niko Likoni nasubiri feri. Saa 1 kasoro nimeshafika Tudor, koti jeupe mwilini, mahamri mawili tumboni.

Kwanza tuelewane: hapa hatupimi malaria wala mkojo. Mtaani kwetu wanajua nafanya kazi maabara, basi hakosi mtu wa kunisimamisha nimpimie sukari. Sisi tunashughulika na protini moja tu, alfa-sinukleini, ambayo kwa wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, hugandamana ndani ya seli za ubongo. Ubongo wa mtu hatugusi. Jeni ya protini hiyo imepachikwa kwenye plasmidi, yaani kipete kidogo cha DNA. Tunaiingiza ndani ya bakteria, nao wanatutengenezea protini kwa wingi.

Saa 2 hadi saa 4 ni kuvuna bakteria wa jana: sentrifuji (mashine ya kuzungusha), pipeti (mrija wa kunyonyea matone), sentrifuji tena. Ila kuna hatua moja siichoki. Bakteria wakishapasuliwa, mchuzi wao tunauchemsha. Protini zao nyingi zinaganda, nyeupe kama yai lililotokoswa, lakini alfa-sinukleini inabaki imeyeyuka majini, kwa sababu yenyewe haina umbo maalumu la kuvurugwa na moto. Unazungusha, uchafu unakaa chini, wewe unachukua maji ya juu. Protini inayomsumbua mzee wa watu kichwani ndiyo hiyo hiyo inayostahimili sufuria!

Saa 4 na robo simu ikalia, ni karani wa ofisi ya vifurushi. Kifurushi kimefika. Tulikuwa tunakingoja kwa hamu: kichupa cha bakteria waliobeba plasmidi yenye badiliko la jeni liitwalo A53T, lile lililotangazwa mwaka 1997 katika familia za asili ya Italia na Ugiriki. Katika asidi amino 140, yaani vipande vinavyoijenga protini hii, kimoja tu kimebadilika, kile cha 53, na ugonjwa unamwanza mtu mapema.

"Dada, hapa pameandikwa bakteria. Ni wa kipindupindu?"

"Hapana, bwana. Ni E. koli wa maabara, hawaleti ugonjwa."

"E. koli si wale wa chooni?"

Nikaeleza. Akanipitisha kwa mwenzake, nikaeleza upya. Huyo akataka kujua ni vya kazi gani. Nikamwambia utafiti wa ubongo.

"Kwani mmetia ubongo humu?"

Ikabidi niende mwenyewe ofisini kwao na barua ya maabara. Tuktuk, jua la Machi, foleni ya Makupa haisogei. Kufika, muhuri wa barua umefifia, hausomeki. Nikarudi Tudor, ukagongwa mwingine, nikapanda tuktuk nyingine. Dirishani hapana mtu: ameenda kuswali, halafu atakula. Nikakaa kwenye benchi nikihesabu pesa za nauli na kuwaza kile kichupa. Bakteria hawa husafiri kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea, bila barafu, hilo halina neno, lakini stoo ya mabati ya Mombasa si joto la kawaida la mtu yeyote.

Bwana aliporudi alisaini bila hata kuisoma ile barua. Akakiinua kichupa kwenye mwanga, kina urefu wa kidole tu. "Ni hiki tu?" Ni hicho tu, kaka.

Sikuangalia saa nilipofika tena maabara, ila wenzangu walikuwa wanavua makoti. Miguu inawaka, chakula cha mchana sijakiona. Lakini mkono ukishika kitanzi, kile kijiwaya cha kuchotea bakteria, hautetemeki, hapo najisifu: nikachovya, nikachora mistari kwenye sahani ya agari yenye ampisilini, dawa ya kuua bakteria. Plasmidi ina jeni ya kuihimili dawa hiyo, kwa hiyo bakteria asiyeibeba haoti. Sahani nikaigeuza juu chini, nikaitia kwenye inkubeta, kabati la joto, nyuzi 37.

Kesho Jumamosi narudi, na ovataimu haipo. Koloni, yaani vijirundo vya bakteria walioota, zikikaa sana zinaila dawa yote iliyozizunguka, na vijikoloni visivyo na plasmidi vinaanza kuota pembeni. Ukivichukua hivyo vijikoloni kwa haraka bila kuangalia, wiki nzima utakuwa unakuza bakteria mtupu. Kwa hiyo saa 4 asubuhi sahani iwe imeshaingia kwenye friji, feri itake isitake.