Sentimita Moja Kwenye Ulimi, Milimita Tatu Kwenye Ripoti

Ripoti ya patholojia imerudi: saratani ya seli bapa ya ulimi, ukingo (tishu salama kati ya uvimbe na mkato) wa karibu zaidi milimita 3. Daktari aliyekata anashikilia kwamba alipima kwa rula na kuacha sentimita nzima ya tishu salama kuzunguka uvimbe. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Ulimi ndio uliojikunja.

Ulimi ni msuli, na msuli ukikatwa hujivuta. Utando unaoufunika huvutwa nao. Johnson na wenzake walilipima jambo hili kwa mbwa mwaka 1997: ukingo wa ulimi ulipungua kwa takriban asilimia 30, wa shavu na mdomo karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea papo hapo tishu ilipotoka mwilini, kabla haijaiona fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhia sampuli. Wengi bado wanailaumu fomalini. Ina dhambi zake, tutazifikia, lakini hii si yake.

Sasa piga hesabu. Kwa kawaida ukingo huitwa safi ukifika milimita 5 chini ya hadubini. Kati ya 1 na 5 huitwa wa karibu. Chini ya milimita 1 huhesabiwa kuwa umeguswa na saratani. Ukiacha milimita 10 mezani na theluthi ikapotea, umebaki na 7 hivi. Ukiacha 7, umeshashuka chini ya 5 kabla mtu hajafungua chupa ya fomalini. Ndiyo sababu wapasuaji hulenga sentimita 1 hadi 1.5 pande zote, na wanaolenga hivyo bado hupata kingo za karibu.

Kujikunja peke yake hakushushi 10 hadi 3 za ripoti. Upande wa chini ndio unaosumbua zaidi. Juu, jicho linaona mpaka wa uvimbe. Chini unategemea kidole. Nyuzi za msuli wa ulimi hupishana pande zote, kwa hiyo hazirudi nyuma kwa kipimo kimoja, na saratani nayo hupenda kupenya katikati ya nyuzi hizo kwa vijidole vyembamba, ikapita pale ambapo mkono unahisi ugumu umeisha. Sampuli ikishatoka, ishike kati ya kidole gumba na cha shahada na uipapase pole pole upande wa chini. Ukihisi ugumu karibu na uso wa kipande, ongeza pale pale, sasa hivi, wakati bado unajua "pale" ni wapi. Kisu cha umeme nacho kitumike kwa kiasi: tishu iliyoungua ukingoni haisomeki, na mwanapatholojia akikuta seli zilizochomeka hawezi kukuambia kama zilikuwa za saratani au la.

Pima kabla ya kukata. Weka nukta za kalamu ya upasuaji kwenye mpaka wa uvimbe na kwenye mstari wa kukata, andika umbali wa mbele, nyuma, ndani na nje. Kurudi kupima kidonda baadaye hakusaidii, maana kidonda hupanuka huku kipande kikinywea. Ukilinganisha viwili hivyo utapata namba isiyomhusu mgonjwa yeyote.

Halafu kuna dakika kumi ambazo thieta nyingi huzitupa. Kipande kikidondoshwa kwenye chupa kama kilivyo, hujikunja na kugandia katika mkunjo huo. Kitandaze kwanza juu ya ubao laini, kikibanwa kwa pini kwenye kingo, kisipitishwe pini katikati ya uvimbe. Kivute hadi vipimo ulivyoandika kabla ya kukata, usizidishe, kwa kuwa utando uliovutwa kupita kiasi huchanika na kila mpasuko utaonekana kama ukingo mpya. Funga uzi mfupi upande wa juu na mrefu upande wa nje, au kinyume chake, mradi fomu iseme hivyo hivyo. Chora ulimi kwenye fomu hata kama hujui kuchora. "Uzi upande wa mbele" bila mchoro kumewapotezea watu siku nzima, kwa sababu kipande cha ulimi kikishatengana na mwenyewe hakina mbele wala nyuma.

Fomalini inayotumika ni ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake kwa chumvi za fosfeti, yaani sehemu moja ya ile kali ya dukani na tisa za maji yenye chumvi hizo. Anayechanganya na maji matupu hupata fomalini inayogeuka asidi kadiri inavyokaa, nayo huacha punje za rangi ya kahawia na nyeusi kwenye slaidi. Ujazo uwe angalau mara kumi ya sampuli. Hupenya kama milimita moja kwa saa, hivyo kipande chenye unene wa sentimita 3 kinahitaji zaidi ya nusu siku kufikiwa katikati tu, na kinaachwa saa 24 hadi 48 kabla ya kukatwa vizuri. Chupa iwe na mdomo mpana. Na ubao ugeuzwe, sampuli ikitazama chini: ubao huelea, na kipande kilichokaa juu yake kinakauka hewani huku kila mtu akidhani kimezama.

Maabara, wino ndio unaoamua. Kipande hufutwa maji kwanza, kisha hupakwa rangi tofauti kwa kila upande, mguso mwembamba wa asidi asetiki iliyopunguzwa huufanya wino ushike, halafu unasubiri ukauke. Subira hii ndiyo inayorukwa siku ya kazi nyingi. Wino mbichi hufuata kisu ndani ya nyufa, na chini ya hadubini saratani inaonekana imekaa juu ya wino wakati ukweli iko ndani. Kosa hilo lina bei. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2004, EORTC 22931 la Ulaya na RTOG 9501 la Marekani, na uchambuzi wa pamoja uliofuata mwaka 2005, yaliweka ukingo ulioguswa na saratani iliyotoboa ganda la tezi ya limfu kuwa sababu kuu mbili za kuongeza sisplatini, dawa ya kemotherapi, juu ya mionzi baada ya upasuaji. Dozi yake ni miligramu 100 kwa kila mita ya mraba ya mwili siku ya 1, ya 22 na ya 43, pamoja na mionzi ya wiki sita au zaidi. Masikio na figo za mgonjwa hulipia wino uliotiririka.

Vipande hukatwa kila milimita 3 hadi 4, kisu kikisimama wima dhidi ya ukingo. Mkato unaolala sambamba na ukingo hukupa jibu la ndiyo au hapana tu. Hauna umbali wa kupima. Mtafiti anayekusanya milimita kutoka maabara inayokata sambamba anakusanya kitu ambacho hakikuwahi kupimwa.

Kina cha uvamizi kina hadithi inayofanana. Tangu toleo la 8 la AJCC, mwongozo wa Marekani wa kupanga hatua za saratani, lianze kutumika Januari 2018, uvimbe wa ulimi usiozidi sentimita 2 unabaki T1, daraja la chini la uvimbe, pale tu ambapo kina hakizidi milimita 5. Kipimo chenyewe ni cha fundi mwashi: unavuta mstari wa usawa kutoka tabaka la msingi la utando salama ulio karibu zaidi, kisha unashusha timazi hadi seli ya saratani iliyo chini kabisa. Hicho si unene. Uvimbe uliochomoza juu kama uyoga una unene mkubwa na kina kidogo. Kidonda kilicholiwa katikati kina unene mdogo na kina kikubwa. Ripoti nyingi za zamani ziliandika unene, wakati mwingine zikauita kina. Ukizichanganya na ripoti mpya kwenye safu moja ya jedwali, hakuna fomula ya takwimu itakayokuokoa. Inabidi slaidi zitolewe kabatini zipimwe upya.

Kuna mtego mwingine: ukingo uliochukuliwa wapi? Baadhi ya timu hukata vipande vidogo kutoka kwenye kidonda baada ya uvimbe kutoka, vikagandishwa na kusomwa wakati mgonjwa bado amelala. Wengine hupima kwenye sampuli kuu yenyewe. Maxwell na wenzake, mwaka 2015, walionyesha kwa saratani za ulimi za mapema kwamba kipimo cha kwenye sampuli kinatabiri kurudi kwa ugonjwa vizuri zaidi. Inaeleweka: kipande cha kidonda chenye ukubwa wa punje ya mchele kinaweza kuwa safi huku saratani iko hatua moja pembeni yake. Na ukiambiwa ukingo umeguswa, kurudi mahali penyewe ni kazi. Kerawala na Ong waliwajaribu wapasuaji mwaka 2001, wakakuta wanakosea mahali kwa wastani wa milimita 9 kwenye utando na 12 kwenye kina. Yaani kosa la kutafuta ni kubwa kuliko ukingo unaotafutwa.

Kwa hiyo ukisoma kwamba kizingiti halisi ni milimita 2.2, kama Zanoni na wenzake walivyopendekeza kwa ulimi mwaka 2017, uliza kwanza sampuli zao zilitandazwaje, zilikatwaje, ukingo wa kina ulihesabiwa na wa juu au peke yake. Kizingiti kilichotafutwa ndani ya data ile ile kinachojaribiwa humo humo huwa kizuri kuliko kinavyostahili. Kinahitaji wagonjwa wengine. Tena uvimbe mkubwa ndio wenye kingo finyu, na wenye kingo finyu ndio wanaopewa mionzi zaidi. Ukilinganisha makundi mawili kavu kavu, mionzi itaficha madhara ya ukingo, au ukubwa wa uvimbe utayaongeza, na hutajua kipi kimeshinda.

Anayeanzisha daftari la utafiti huu basi aandike umbali kwa milimita, si neno "safi". Aandike upande gani ulikuwa finyu, sampuli ilitandazwa au la, kina kwa timazi, uvamizi wa neva, idadi ya tezi za limfu za shingo zilizohesabiwa (18 au zaidi ndicho kipimo kinachotumika sana cha shingo iliyosafishwa vya kutosha), na dozi ya mionzi iliyokamilishwa, si iliyopangwa. Aliyefariki kwa sababu nyingine asihesabiwe kama mtu ambaye bado angeweza kurudiwa na uvimbe.

Ukingo uwe na safu mbili: wa kwanza, na wa mwisho baada ya kuongeza. Mgonjwa aliyeguswa kisha akaongezewa hadi akawa safi si sawa na aliyekuwa safi tangu mwanzo, ingawa mfumo wa hospitali humwandika "safi" vile vile. Kile kipande cha nyongeza ndicho kinachofika maabara uchi kuliko vyote: kidogo, kimejikunja, bila uzi. Weka mshono mmoja kwenye uso mpya, ule unaotazama mwili wa mgonjwa, na uandike hivyo kwenye fomu. Bila huo mshono mwanapatholojia atapaka wino pande zote, na hata akiona saratani hataweza kusema kama iko upande uliobaki mwilini au ule uliogusana na sampuli ya kwanza.