Siku yangu moja ya kampeni, kati ya mwani na mikoko

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeswali, nimepasha mbaazi za jana, nikatazama kalenda ya maji. Leo ni bamvu, siku bahari inapokupwa sana: maji yatatoka saa nne. Ukitaka kina mama wanaolima mwani uwapate wote pamoja, ni saa hiyo, au ungoje wiki mbili. Nagombea uwakilishi wadi huku pwani ya Kwale, uchaguzi wa Agosti 2027.

Saa mbili niko steji ya bodaboda. Kijana mmoja ananiuliza, "Mama, mgodi umefungwa. Wewe watuletea nini?" Alikuwa dereva wa lori pale mgodini. Madini ya titani yalichimbwa kwetu kuanzia 2013, na mwisho wa 2024 uchimbaji ukasimama. Mwanawe yuko sekondari na karo haijaisha.

Sikumdanganya. Mwakilishi wadi hana mfuko wa kugawa. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuikagua serikali ya kaunti. Nikamwambia nataka bajeti hiyo ifuate kazi zinazobaki kwetu hata shimo likikauka. Alinisikiliza, akavaa helmeti, akapakia abiria. Hakusema ndiyo.

Saa nne nimejifunga leso, maji magotini. Bibi mmoja ananionyesha kamba yake: vishada vya mwani vimefungwa kimoja kimoja, kila kimoja na kiuzi chake, na vidole vyake vimejikunja kwa chumvi. Baada ya kama wiki sita atavuna. Joto likizidi majini mwani huoza ncha, ukawa mweupe, ukakatika. "Twauza gunia," akasema, "kisha twanunua sabuni ya mwani kipande kimoja kimoja." Sijasikia hotuba ya uchumi iliyo wazi kuliko hiyo. Anachohitaji ni chanja za kuanikia, ghala lisilovuja na mashine ya kusaga, ili sabuni itoke hapa hapa. Hayo yote yanaingia kwenye bajeti ya kaunti. Nimeyaandika mbele yake.

Saa saba, wali na samaki kwa shangazi. Nikalala nusu saa.

Saa tisa nikafika Gazi. Hapa, pamoja na jirani zao wa Makongeni, wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 mikoko hiyo, na zaidi tope lililo chini yake, inahesabiwa kwa hewa ya ukaa inayoihifadhi, watu wa nje wanailipia ili kufidia ile wanayoitoa wao, na kijiji kinaamua pesa iende wapi. Imeenda kwenye maji na shule. Haimtajirishi mtu, na sitamwahidi mtu hivyo. Lakini boriti za nyumba bado zinatakiwa, na ukikataza mkoko bila kumpa mtu mti mwingine, atakata usiku. Ndiyo maana wakapanda mivinje. Nataka kila kijiji cha wadi kiwe na shamba la mivinje.

Saa moja usiku, barazani. Mzee akauliza kama nimeleta chochote. Nikasema nimeleta daftari, nikamsomea aliyoyasema yule bibi. Tukakaa hadi saa tatu.

Kesho maji yatatoka karibu saa tano. Nitapitia steji kwanza, nimtafute yule kijana.