Taimusheya: ungeipokea hata kama ni ya bure?

Kabla hujashika kikokotoo, jiulize hivi: mtu akikupa bure leo taimusheya, yaani haki ya kutumia nyumba ya likizo wiki moja kila mwaka, hati iko mezani na haina deni lolote, utaipokea? Wengi watasema ndiyo bila kufikiri, maana nani anakataa wiki ya likizo isiyo na bei? Lakini mtandaoni wamejaa wamiliki wanaotangaza za kwao kwa dola 1, wengine wakijitolea kulipia na gharama za kuhamisha hati, na bado hawapati mchukuaji. Wanunuzi hawaogopi hiyo dola moja. Wanaogopa ada ya mwaka, ambayo hudaiwa utumie usitumie, hupanda kila baada ya muda, na katika mikataba mingi haina tarehe ya kuisha.

Kwa hiyo mimi naanza na ada, bei inafuata baadaye. Wauzaji hufanya kinyume, na wana sababu zao.

Kwanza, kwa ufupi, kinachouzwa ni nini. Unanunua haki ya kutumia nyumba ya likizo kwa muda fulani kila mwaka, kwa kawaida wiki moja. Kuna wiki maalumu, ambapo tarehe zako hazibadiliki: mwenye wiki ya 52 yuko pale kila mwisho wa mwaka. Kuna wiki ya kuchagua ndani ya msimu wako, anayewahi kuweka nafasi ndiye anayepata. Na kuna pointi, ambazo hupewa kila mwaka ukazitumia kama fedha ndani ya mtandao wa kampuni. Pointi zinavutia kwa wepesi wake, ila mikataba mingi inaipa kampuni uwezo wa kubadilisha jedwali la matumizi, hivyo nyumba ileile inaweza kudai pointi nyingi zaidi miaka michache mbele.

Umiliki nao ni wa namna mbili: hati miliki isiyo na ukomo, inayoingia kwenye urithi, au haki ya matumizi ya miaka maalumu. Muuzaji atakunadia hati miliki kama ndiyo mali hasa. Kwangu mimi, wajibu wenye tarehe ya mwisho ni afadhali kuliko mali isiyo na mnunuzi.

Sasa ada. Omba bajeti ya kituo, yaani mahali zilipo nyumba hizo za likizo, na uisome mstari kwa mstari. Utakuta mishahara, usafi, umeme na maji, bima, kodi ya majengo, malipo ya kampuni ya uendeshaji, halafu mistari miwili ambayo watu huiruka: mfuko wa akiba na madeni yasiyolipika. Mfuko wa akiba ndio wa kubadilisha paa, lifti, magodoro na majiko vikichakaa. Ukiwa mtupu, siku paa linapovuja wamiliki wote wanaandikiwa mchango wa dharura juu ya ada ya kawaida. Vivyo hivyo kimbunga kikipita na bima isilipe yote. Mstari wa madeni unakuonyesha wangapi wameacha kulipa, kwa maana fungu lao hugawiwa mliobaki. Kituo chenye wamiliki wazee wanaojitoa mmoja mmoja hupandisha ada, ada ikipanda wanajitoa wengine zaidi, na mambo yakifika hapo ni vigumu kuyarudisha nyuma.

Ada ambayo haijapanda kwa miaka mingi isikufurahishe haraka. Mara nyingi maana yake ni kwamba mfuko wa akiba haulishwi, na hesabu itakuja yote kwa pamoja. Omba ada za miaka mitano iliyopita, salio la mfuko wa akiba, asilimia ya wamiliki wanaodaiwa, na michango ya dharura iliyokwisha kupitishwa. Ofisi ikikunyima hayo, umeshapata jibu lako.

Tupige hesabu kwa mfano. Bei dola 20,000, ada dola 1,000 mwaka wa kwanza, ikipanda asilimia 5 kila mwaka. Kwa mwendo huo ada ya mwaka wa 20 itafika dola 2,527, na jumla ya ada za miaka 20 ni dola 33,066. Ukilipa taslimu, umetoa dola 53,066 kwa wiki 20, yaani dola 2,653 kwa wiki au 379 kwa usiku. Ukichukua mkopo wa muuzaji, weka kianzio dola 2,000, zilizobaki ulipe kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 14, kiwango ambacho si cha ajabu katika biashara hii. Marejesho ni kama dola 279 kwa mwezi, na riba peke yake inazidi dola 15,500. Sasa usiku mmoja ni dola 490. Na hapo tumedhani hukukosa hata mwaka mmoja. Ugonjwa, mtoto mchanga, kazi mpya: ukikosa miaka minne tu kati ya hiyo 20, usiku wako umepita dola 610. Nauli haimo, chakula hakimo.

Mtu huyohuyo angenunua wiki hiyohiyo kwa mmiliki anayeuza, tuseme dola 1,000 pamoja na gharama za uhamisho, angelala kwa dola 243. Tofauti yote hiyo iko kwenye bei ya mwanzo, ambayo sehemu yake kubwa ilikwenda kwenye matangazo, zawadi na kamisheni.

Kisha linganisha na kukodi. Usilinganishe na bei ya juu ya hoteli aliyokuonyesha muuzaji. Tafuta wiki ileile, jengo lilelile, inayokodishwa na mmiliki ambaye mwaka huu hawezi kwenda. Wengi wao wanataka tu kurudisha ada yao. Ukiona kodi inakaribiana na ada, huna sababu ya kununua, hata kwa bure: utakuwa umebeba wajibu wa maisha ili upate kile ambacho ungekodi ukitaka na kuacha usipotaka.

Hoja ya muuzaji itakuwa kubadilishana, yaani kuweka wiki yako kwenye kampuni ya kati ili upewe wiki ya kituo kingine: "wiki yako moja inakufungulia dunia nzima." Kampuni za kubadilishana zipo kweli, RCI tangu 1974 na Interval International tangu 1976, na zina vituo vingi. Lakini unachopata kinategemea ulichoweka. Wiki hupimwa kwa mahali, msimu, ukubwa wa nyumba na umewahi kiasi gani kuiweka. Wiki ya msimu mfu, iliyowekwa miezi miwili kabla, haitakupatia nyumba ya vyumba viwili ufukweni wakati shule zimefungwa. Anayefaidi kubadilishana huweka wiki yake mapema, karibu mwaka mzima kabla, na tarehe zake huwa hazijamkaba. Juu ya hapo kuna ada ya uanachama na ada ya kila badilisho, ambazo muuzaji huzitaja kwa sauti ya chini.

Ukiamua kuhudhuria kikao cha mauzo kwa ajili ya zawadi, ujue kinavyopangwa. Utaambiwa dakika 90, jiandae kwa zaidi. Muuzaji wa kwanza atakuuliza mnapenda kusafiri wapi na mnatumia kiasi gani, na majibu yenu ndiyo yatakayotumiwa kuwabana baadaye. Mkikataa, anakuja meneja na bei mpya. Mkikataa tena, mlangoni kuna mtu mwingine na kifurushi kidogo cha majaribio. Bei inayoshuka nusu ndani ya saa mbili haikuwa bei. Na ile ya "leo tu" ipo kwa sababu ukipewa usiku mmoja utaingia mtandaoni ukaone zinavyouzwa mtumba.

Karatasi inayostahili macho yako hasa iko karibu na mwisho wa rundo, ile ya kuweka vifupisho vya jina pembeni. Humo mna kifungu kinachosema hukutegemea ahadi yoyote ya mdomo isiyoandikwa kwenye mkataba, na kingine kinachosema hununui kama uwekezaji. Kwa saini hizo mbili, maneno yote ya mezani yanakuwa kama hayakusemwa: kwamba utakodisha kwa faida, kwamba kampuni itainunua ukichoka. Kama ahadi fulani ndiyo inayokufanya ununue, iandikwe ndani ya mkataba. Wakikataa kuiandika, ondoka.

Umeshasaini? Wahi. Sheria za nchi nyingi zinampa mnunuzi siku chache za kutengua mkataba bila kutoa sababu. Katika Umoja wa Ulaya ni siku 14 kwa mujibu wa Direktivu (agizo la kisheria kwa nchi wanachama) ya 2008/122/EC, ambayo pia inakataza muuzaji kupokea malipo yoyote kabla siku hizo hazijaisha. Asipokupa fomu ya kutengua, muda hurefuka hadi mwaka mmoja na siku 14. Marekani kila jimbo lina lake: Florida siku 10, California siku 7, Nevada siku 5. Mtu aliyesaini siku ya pili ya likizo ya wiki moja, akasema nikifika nyumbani nitalifikiria, huenda atafika muda umeshakwisha.

Utaratibu ni huu. Tafuta kifungu cha kutengua. Mara nyingi kiko karibu na mahali pa saini, au kwenye karatasi ya peke yake mfukoni mwa lile jalada zuri. Andika barua fupi: majina yote kama yalivyo kwenye mkataba, namba ya mkataba, tarehe ya kusaini, jina la kituo, na sentensi moja kwamba mnatengua mkataba na mnataka fedha zote zirudishwe. Waliosaini wote wasaini tena. Itume kwa njia ileile na anwani ileile iliyotajwa, kwa posta ya rejesta, na utunze risiti yenye tarehe, maana ndiyo ushahidi wako. Usieleze sababu, na usipige simu kwanza. Anayeipokea simu hiyo kazi yake ni kukubakiza, na njia rahisi ni kukupangia miadi siku moja baada ya muda kuisha.

Anayetaka kununua mtumba naye ana kazi. Kabla ya kulipa, pata kutoka kituoni kwenyewe, si kwa dalali, barua inayothibitisha mmiliki ni nani, ada ya sasa ni kiasi gani, kuna deni au hakuna, na wiki ya kwanza utakayoruhusiwa kutumia ni ya mwaka gani. Kwa pointi, uliza kama muuzaji amekwisha kukopa za mwaka ujao, la sivyo utaanza kulipa ada ya pointi zilizokwisha liwa. Uliza pia haki zipi zinapotea pointi zikinunuliwa nje ya kampuni. Baadhi ya makampuni hukata huduma kadhaa kwa makusudi. Fedha zipite kwa wakili au kampuni ya kati, zisitolewe mpaka uhamisho usajiliwe.

Nani basi anafaidi? Anayekwenda palepale kila mwaka, msimu wa watu wengi, na familia inayohitaji jiko na vyumba viwili, anayepanga mwaka mmoja kabla, analipa taslimu, na ada yake iko chini sana ya kodi ya wiki hiyo. Wapo, na huwa wameridhika kweli. Kama unadhani ni wewe, kodi hapo miaka miwili mfululizo kwanza.

Kutoka ndiko kugumu. Anza kwa kukiuliza kituo kama kinapokea hati zinazorudishwa. Vingine hupokea, mradi mkopo umekwisha na ada haidaiwi. Hispania sheria inaweka ukomo wa miaka 50, na kuanzia 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo imebatilisha mikataba isiyo na mwisho iliyosainiwa baada ya sheria kuanza kutumika Januari 1999. Jihadhari na anayekupigia simu akidai ana mnunuzi tayari, utume tu kodi ya serikali na gharama kwanza. Huo ni wizi uliokomaa: FBI, shirika la upelelezi la Marekani, inasema Wamarekani kama 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kati ya 2019 na 2023 kwa utapeli wa taimusheya unaoendeshwa kutoka Meksiko, na Machi 2023 Hazina ya Marekani iliwekea vikwazo kampuni nane zilizohusishwa na CJNG, genge la dawa za kulevya la Meksiko, na utapeli huo huko Puerto Vallarta. Jihadhari pia na kampuni za "kukutoa" zinazotaka malipo mbele na kukushauri uache kulipa ada. Deni linabaki lako, na kampuni inaweza isionekane tena.

Na warithi waambiwe mapema. Mara nyingi mrithi anaweza kukataa hati hiyo kwa maandishi. Sheria ya kodi ya shirikisho ya Marekani inampa miezi 9 tangu kifo. Ila asiitumie hata wiki moja wala kukodisha kwa faida yake katika muda huo, kwa sababu aliyekwisha kufaidi urithi hawezi tena kusema ameukataa.