Nilivyopata sarafu za kale katika bustani waliyosema imekwisha

Kusini-magharibi mwa Ohio, si mbali na Dayton, iko bustani ya mji ambayo kila mwenye mashine ya kutafutia metali anaijua. Ni ya karne ya 19, na watu wamekuwa wakiipitia na mashine tangu miaka ya 1970. Mzee mmoja mkongwe wa kazi hii aliniambia kwa nia njema kabisa: "Hapa pamekwisha, mwanangu. Utaokota vizibo tu." Namheshimu, maana sarafu nyingi zilizotoka pale alizitoa yeye. Lakini nimejiridhisha kwamba zilizokwisha ni zile zilizokuwa zikisikika kwa urahisi. Nyingine bado zipo, zimefunikwa na sauti ya takataka.

Aliyenifungua macho ni Alexander Graham Bell. Mwaka 1881, Rais James Garfield, mzaliwa wa Ohio, alipigwa risasi mjini Washington na madaktari wakashindwa kujua risasi imekaa wapi. Bell akaunda chombo cha umeme cha kuisikiliza mwilini, babu wa mashine zetu hizi. Hakikuipata. Inaelezwa kwamba godoro la rais lilikuwa na springi za chuma zilizovuruga sauti, na daktari mkuu alimruhusu Bell kupima upande wa kulia tu, ilhali risasi ilikuwa kushoto. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Bustani iliyochoshwa ina shida hizohizo mbili: chuma kilicho jirani kinameza sauti, na watu wanatafuta pale wanapodhani kitu kipo.

Kabla ya yote niliomba kibali cha mji, kwa maandishi. Marekani kila mji una utaratibu wake, na katika hifadhi za taifa hata kuingia na mashine hairuhusiwi. Sheria ya mwaka 1979 inalinda mabaki ya kale yenye umri wa miaka 100 na zaidi katika ardhi ya serikali kuu. Kwa hiyo usimsikilize anayekuambia kwamba bustani ni ya umma basi ni ruksa. Uliza.

Kisha nikatafuta ramani. Zamani kampuni ya Sanborn ilichora miji ya Marekani jengo kwa jengo kwa ajili ya bima ya moto, na Maktaba ya Bunge imeziweka nyingi mtandaoni bure. Kwenye ramani ya mji wetu niliona kwamba jukwaa la bendi halikuwa pale penye uwanja wa michezo wa watoto wa leo. Lilikuwa upande wa pili, karibu na njia ambayo sasa imemezwa na nyasi. Nilipopitisha mashine hapo, ilipiga kelele za chuma bila kupumua: misumari ya jukwaa lililobomolewa. Wengi hufika hapo, wakasikia fujo ile, wakaenda zao. Mimi niliamua kubaki.

Nilibadili vitu vichache tu. Nilitoa sahani kubwa ya mashine, ile sehemu ya mviringo inayopita juu ya nyasi, nikafunga ndogo ya inchi 6. Sahani kubwa hufika chini zaidi, ndiyo, lakini huona misumari minne na sarafu moja kwa pamoja na kukupa jibu la chuma. Ndogo huvichambua. Halafu nikaacha kuinyamazisha mashine isiitikie chuma. Ukiinyamazisha, inapita juu ya msumari kimya, na kabla haijazinduka imeshaivuka sarafu iliyolala ubavuni. Afadhali usikie kila kitu na sikio lenyewe lichague. Mwendo nao ukawa wa polepole sana, kama mtu anayepepeta mchele ungoni akitafuta mawe. Kipande nilichokipita kutoka mashariki kwenda magharibi nilikirudia kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa sababu msumari unaofunika sarafu ukiusogelea kwa upande huu unaweza kuiachia ukija kwa upande mwingine.

Ninachokitafuta hasa ni kisauti cha juu, kifupi, kinachojitokeza katikati ya mngurumo wa chuma na kurudia pale pale. Hata kikitokea upande mmoja tu, nachimba.

Na hapa nizungumzie takataka, maana ndizo zilizonipa sarafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ermal Fraze, mtu wa hapahapa Dayton, alibuni kopo la kufunguliwa kwa kuvuta kipete. Kipete kilikuwa kinang'oka, na watu wakakitupa majanini, hadi vilipoenea vile vinavyobaki kwenye kopo katikati ya miaka ya 1970. Vipete hivyo vimejaa kila bustani, na vingi huitikia mashine kwa sauti ileile ya sarafu ya senti 5 ya nikeli. Aliyechoka na vipete aliziacha na senti 5 pia. Vivyo hivyo senti moja za tangu 1982, ambazo ndani ni zinki: sauti yao inakaribia ile ya senti za shaba zenye kichwa cha Mhindi Mwekundu, zilizotengenezwa hadi 1909. Nikaamua kuchimba vyote, vipete na zinki, mfuko mzima wa takataka kila nilipotoka.

Matunda yakaja. Senti 5 zenye nyati, za 1913 hadi 1938, kadhaa zikiwa zimefutika namba za mwaka kama kawaida yake. Senti za kichwa cha Mhindi, mojawapo ya 1889. Kisha, chini ya msumari uliopinda, sarafu ya senti 10 ya 1907. Senti 10 na 25 za hadi 1964 zina asilimia 90 ya madini ya fedha, na fedha haiozi. Ilitoka ardhini nyeupe, nikaitambua kabla sijaigusa. Nilifurahi mno. Niliisuuza kwa maji tu, maana kusugua huiharibu.

Mvua ni rafiki mkubwa. Udongo uliolowa vizuri husaidia sauti za chini kusikika, na nyasi hupona haraka. Nakata kipande cha nyasi kwa nusu duara, nakiacha kimeshika upande mmoja, udongo naumwaga juu ya kitambaa, nikimaliza naurudisha wote na kukanyaga. Nikipita baada ya wiki, mimi mwenyewe sioni nilipochimba. Kibali cha mji kinategemea hilo kuliko kitu kingine chochote.

Ndugu zangu wa nyumbani huniuliza kwa nini nisije na mashine Kilwa au Pemba. Siji, na nawasihi wengine wasifanye hivyo. Mtambwe Mkuu, hukohuko Pemba, mwaka 1984, wanaakiolojia walitoa zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimia, watawala wa kale wa Kiislamu, ambazo zilisaidia kujua umri wa hazina yote. Angezing'oa mtu wa mashine usiku, dinari zingekwenda sokoni na tusingejua lolote. Senti 10 iliyomdondoka mtu kwenye muziki wa bendi haina uzito huo.

Upande wa magharibi wa bustani bado sijaugusa. Ramani inaonyesha palikuwa na banda la farasi, kwa hiyo chuma huko ni kingi zaidi. Mvua za Aprili zikianza, nitaingia na ile sahani ndogo.