Vijiti vinne vya DDR5 kwa kasi ya 5600: nilivyovituliza

Ubao mama ni wa soketi ya AM5, prosesa ni Ryzen 7000, na vijiti vya kumbukumbu (RAM) ni vinne vya GB 32, vyote vya pakiti moja iliyoandikwa kasi ya 6000, yaani uhamishaji wa data milioni 6000 kwa sekunde. Ukijaza sloti zote nne, AMD wanaahidi 3600 tu kwa prosesa hizi, na wana sababu. Sloti nne hazileti chaneli nne. Chaneli, yaani njia za data kati ya prosesa na vijiti, zinabaki mbili, kila moja ikibeba vijiti viwili kwenye waya uleule. Ishara ikifika kwenye kijiti, sehemu yake hurudi kama mwangwi, na kasi ikipanda mwangwi huo huiwahi biti inayofuata na kuivuruga. Kazi yote iko hapo, kwenye kuuzima mwangwi. Wengi hukimbilia volti.

Kwanza nilipima kila kijiti peke yake kwa MemTest86 (programu ya kupima kumbukumbu), kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa. Ni kazi ya saa nyingi, lakini bila hiyo huwezi kutofautisha kijiti kibovu na mpangilio mbovu. Nikaweka BIOS mpya (programu ya ubao yenye mipangilio hii yote), kisha vijiti vyote vinne bila EXPO (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa kiwandani ndani ya kijiti). Skrini hukaa nyeusi dakika kumi hivi mara ya kwanza, kwa sababu ubao unatafuta mipangilio ya kila kijiti. Usikate umeme.

Baada ya hapo niliwasha EXPO, nikashusha kasi kwa mkono hadi 5200, UCLK (saa ya kidhibiti cha kumbukumbu) ikiwa sawa na MCLK (saa ya vijiti). VDD na VDDQ (umeme wa vijiti) volti 1.35, VSOC (umeme wa kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa) 1.20. Ikapita. Kwa 5600, TestMem5 (programu nyingine ya kupima) ilitoa makosa ndani ya dakika tatu. VSOC 1.25 ilifanya kompyuta iwake bila kusitasita, ila makosa hayakupungua hata moja. (Mwisho wa VSOC kwa AM5 ni 1.30, usiuvuke.)

Kilichosaidia ni ukinzani, yaani vipinga vinavyoumeza mwangwi mwishoni mwa waya. DDR5 hutumia omu 240 zilizogawanywa: kwa 5 unapata 48, kwa 6 unapata 40, kwa 7 kama 34. Nilibadilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. ProcODT (ukinzani upande wa prosesa) kutoka 48 hadi 40 ilipunguza makosa. RttWr 40 na RttPark 48 (ukinzani upande wa vijiti, kijiti kinapoandikwa na kinapopumzika) zikayamaliza. Namba hizi ni za ubao huu. Kwako huenda zikawa jirani zake, ndiyo maana nasisitiza kubadilisha moja moja na kuandika matokeo kwenye karatasi.

tRFC (muda wa kuijaza upya chaji ya chipu) niliiacha legevu: chipu za gigabiti 16 zinahitaji nanosekunde 295, ambazo kwa 5600 ni mizunguko 826. tREFI (muda kati ya ujazaji mmoja na unaofuata) nayo ikabaki 10920. Kuipandisha kunaongeza kasi kidogo, lakini chaji kwenye chipu huvuja upesi zaidi joto likipanda, na vijiti vinne vilivyobanana vina joto, hasa viwili vya katikati. Makosa yanayotokea baada ya saa nzima, si dakika za mwanzo, karibu kila mara ni ya joto. Feni ya milimita 120 ikipuliza moja kwa moja juu ya vijiti iliyaondoa.

6000 iliwaka pia. Ilipita TestMem5, ikaanguka kwenye y-cruncher (programu ya hesabu nzito), nami nikaiacha.

Jaribio ambalo watu hulisahau ni la kuwasha mashine ikiwa baridi. Zima Memory Context Restore (inayokumbuka mipangilio ya mara iliyopita ili ubao usijipime upya), chomoa waya wa umeme usiku kucha, washa asubuhi, pima tena. Kila ubao unapojipima upya unaweza kuchagua mipangilio tofauti kidogo, na mpangilio ulio ukingoni hufaulu leo ukashindwa kesho. Nilirudia mara tano. Zote zilipopita ndipo nikairudisha Memory Context Restore pamoja na Power Down (ya kupunguza umeme wa vijiti visivyo kazini), maana ya kwanza bila ya pili ilileta skrini ya bluu.

Kwa hesabu, upana wa njia umetoka GB 57.6 kwa sekunde (kasi ya 3600) hadi 89.6 (kasi ya 5600).